Nukta mbili na mkwaju: jinsi ya kuzuia programu yako ya wavuti isitoe faili usizokusudia

Mistari hii miwili niliikuta kwenye mfumo wa shule moja ya sekondari niliokabidhiwa kuutunza:

```php
$faili = $_GET['faili'];
readfile('/var/www/shule/ripoti/' . $faili);
```

Nia yake ilikuwa njema. Mzazi abofye jina la mwanawe, apakue ripoti ya muhula. Kiungo kilisomeka `pakua.php?faili=kidato2-017.pdf`. Nikafuta jina la ripoti, nikaandika `../.env`, nikabonyeza Enter. Kivinjari kikaniletea nenosiri la hifadhidata, ufunguo wa huduma ya SMS na nenosiri la barua pepe ya shule, vyote kwenye faili moja fupi, `.env`, ambamo programu huweka siri zake. Sikutumia chombo chochote zaidi ya kibodi. Sikuwa hata nimeingia kwenye akaunti.

Kilichotokea ni rahisi kukieleza. Kwenye njia ya faili, mkwaju (`/`) hutenganisha folda, na nukta mbili maana yake ni "folda iliyo juu ya hii". Seva ilipounganisha maneno yangu na ya mwandishi wa msimbo, ilipata `/var/www/shule/ripoti/../.env`. Mfumo endeshi ukaisoma kama ulivyofundishwa: ingia `ripoti`, rudi juu, sasa uko `shule`, chukua `.env`. Ukiandika `../` mara nne unafika kwenye mzizi wa diski, na kutoka hapo `etc/passwd`, faili yenye orodha ya watumiaji wa seva, iko mlangoni. Anayeshambulia hana haja ya kuhesabu. Juu ya mzizi hakuna kitu, kwa hiyo `../` za ziada hazimpotezi. Ataandika kumi na kufika palepale.

Kwenye orodha ya kimataifa ya aina za udhaifu wa programu, huu ni CWE-22. Hapa nitauita kupanda folda. Mei 2024 mashirika mawili ya serikali ya Marekani, CISA na FBI, yalitoa tahadhari ya pamoja kuwataka watengenezaji wa programu waumalize, yakikumbusha kwamba udhaifu wa namna hii umeitwa usiosameheka tangu angalau mwaka 2007. Nakubaliana nayo, kwa sababu dawa inajulikana na ni mistari michache tu. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaanza na dawa isiyo sahihi: tunachuja maandishi ya mtumiaji badala ya kuuliza yanaishia wapi.

Hatua ya kwanza: tafuta kila mahali msimbo wako unapogusa faili

Usianze kurekebisha ule mstari mmoja uliouona. Simama kwenye folda ya mradi na uendeshe hii:

```
grep -rnE "readfile|fopen|file_get_contents|file_put_contents|include|require|unlink|rename|move_uploaded_file|extractTo" --include="*.php" .
```

Kwa Python tafuta `open(`, `send_file`, `extractall`, `os.remove`. Kwa Node tafuta `readFile`, `createReadStream`, `sendFile`, `unlink`. Utapata mistari mingi, na mingi itakuwa salama. Kwa kila mmoja jiulize swali moja: je, kuna kipande cha njia hii kilichotoka kwa mtu? Fuata kigezo kinyumenyume mpaka kilipozaliwa.

Hapa ndipo watu hukosea kwa kuangalia `$_GET` peke yake. Jina linaweza kutoka kwenye kuki, kwenye jina la faili iliyopakiwa, au kwenye safu ya hifadhidata ambayo mtumiaji aliijaza wiki iliyopita kwenye ukurasa mwingine kabisa. Chaguo la lugha ni mtego wa kawaida: `include 'lugha/' . $_GET['lugha'] . '.php';`. Huo ni mbaya kuliko kusoma faili, kwa sababu kinachoitwa na `include` kinaendeshwa kama msimbo. Na palipo na `unlink` au `file_put_contents`, tia alama nyekundu. Anayesoma faili anakuibia, lakini anayeandika faili popote anapotaka anaweza kuchukua seva nzima.

Hatua ya pili: mnyang'anye mtumiaji haki ya kutaja faili

Mara nyingi mtumiaji hana sababu yoyote ya kujua jina la faili kwenye diski. Mzazi anataka ripoti ya mwanawe, `kidato2-017.pdf` haimhusu. Mpe namba, wewe utafute njia kwenye hifadhidata:

```php
$s = $db->prepare('SELECT njia FROM ripoti WHERE id = ? AND mzazi_id = ?');
$s->execute([(int)($_GET['id'] ?? 0), $_SESSION['mzazi_id']]);
$njia = $s->fetchColumn();
if ($njia === false) {
    http_response_code(404);
    exit;
}
```

Tazama lile sharti la pili, `mzazi_id`. Bila hilo utakuwa umezuia kupanda folda, lakini mzazi atabadilisha 17 iwe 18 na kusoma ripoti ya mtoto wa jirani. Ni kosa tofauti, ila kwa mtoto yule madhara ni yaleyale. Nimeona watu wakiziba la kwanza, wakaacha la pili, wakalala usingizi.

Kwa lugha na mandhari, ambapo machaguo yanahesabika kwa vidole, tumia orodha: `['sw' => 'sw.php', 'en' => 'en.php']`. Kisichokuwemo kwenye orodha hakipo.

Kwa faili zinazopakiwa, tunga jina lako mwenyewe, mathalani `bin2hex(random_bytes(16)) . '.pdf'`. Jina alilolipa mtumiaji liweke kwenye hifadhidata kwa ajili ya kuonyeshwa tu. Na folda yenyewe iwe nje ya ile inayohudumiwa moja kwa moja na seva ya wavuti.

Ukimaliza hatua hii kwa uaminifu, sehemu kubwa ya kazi imekwisha. Kinachobaki ni pale ambapo jina lazima litoke kwa mtumiaji kweli: kisoma-nyaraka, kidhibiti cha faili, mfumo wa kuhifadhi picha wenye folda ndani ya folda.

Hatua ya tatu: uliza njia inaishia wapi, kisha linganisha

Kwanza dawa isiyotibu, kwa sababu bado naiona kwenye miradi mipya:

```php
$faili = str_replace('../', '', $_GET['faili']);
```

Mpe `....//.env`. Katikati ya yale maandishi kuna `../` moja, inaondolewa, na vipande vilivyobaki vinaungana kuwa `../.env`. Kichujio chenyewe ndicho kilichomjengea njia. Ukiongeza kichujio cha pili, atakuja na `%2e%2e%2f`, ambayo ni nukta na mkwaju kwa mavazi ya URL, au `%252e`, iliyovikwa mara mbili. Kwenye Windows atatumia mkwaju ulioinama upande wa pili.

Wakubwa pia wameangukia hapo. Apache HTTP Server toleo 2.4.49, mwaka 2021, lilileta msimbo mpya wa kusafisha njia. Msimbo huo haukuitambua nukta ya pili ikiandikwa kwa namba zake, kwa hiyo `.%2e/` ilipita salama, na kwenye seva ambazo folda za nje hazikuwa zimekatazwa na mipangilio, faili zilisomeka. Tarehe 4 Oktoba wakatoa 2.4.50. Ikagundulika kwamba ukivika namba hizo mara mbili bado unapita, na tarehe 7 Oktoba ikatoka 2.4.51. Siku tatu, marekebisho mawili, kwa watu wanaoijua kazi hii kuliko mimi na wewe. Miaka zaidi ya ishirini kabla yake, mwaka 2000, seva ya wavuti ya Microsoft, IIS, ilipenywa kwa mkwaju ulioandikwa `%c0%af`, umbo ambalo ukaguzi haukulitambua lakini hatua iliyofuata ililielewa. Pengo kati ya anayekagua na anayefungua ndilo linaloleta maafa haya yote.

Basi ondoa pengo. Mwache mfumo endeshi mwenyewe akwambie njia inaishia wapi, halafu ulinganishe jibu lake na folda unayoiruhusu:

```php
$msingi = realpath('/var/www/shule/ripoti');
if ($msingi === false) {
    http_response_code(500);
    exit;
}
$ombi = $_GET['faili'] ?? '';
if (!is_string($ombi) || str_contains($ombi, "\0")) {
    http_response_code(404);
    exit;
}
$kamili = realpath($msingi . '/' . $ombi);
if ($kamili === false
    || !str_starts_with($kamili, $msingi . DIRECTORY_SEPARATOR)
    || !is_file($kamili)) {
    http_response_code(404);
    exit;
}
header('Content-Type: application/pdf');
header('X-Content-Type-Options: nosniff');
readfile($kamili);
```

Msimbo huu unahitaji PHP 8. Mistari yake miwili naomba uisome polepole.

Wa kwanza ni ule wa `DIRECTORY_SEPARATOR`. Ukiuacha, ulinganisho utauliza tu kama njia inaanza na `/var/www/shule/ripoti`. Sasa chukulia mhasibu ana folda yake pembeni, `/var/www/shule/ripoti-za-walimu`. Nayo inaanza na herufi zilezile. Anayeomba `../ripoti-za-walimu/mishahara.pdf` atapita kwenye ukaguzi wako. Mkwaju mmoja mwishoni ndio unaotenganisha folda mbili hizi.

Wa pili ni ukaguzi wa `$msingi === false`, ambao wengi huuona wa kupoteza wino. Siku folda ikihamishwa au diski isipowekwa baada ya seva kuwaka upya, `realpath` itarudisha `false`. PHP ikiunganisha `false` na mkwaju inapata `/` peke yake. Na njia ipi kwenye Linux isiyoanza na `/`? Ukaguzi wako utakubali kila kitu, seva nzima, bila kutoa hata onyo. Kwa hiyo programu na isimame hapo hapo.

Kumbuka pia kwamba `realpath` hufanya kazi kwa faili iliyopo. Unapoandika faili mpya, kagua folda itakamokaa, kisha weka jina ulilolitunga wewe.

Kwa Python, kuanzia 3.9:

```python
from pathlib import Path
MSINGI = Path("/var/www/shule/ripoti").resolve(strict=True)

def tafuta(ombi):
    kamili = (MSINGI / ombi).resolve()
    if not kamili.is_relative_to(MSINGI) or not kamili.is_file():
        raise FileNotFoundError
    return kamili
```

Kuna jambo la Python ambalo kila anayeandika wavuti alijue. Ukiunganisha `MSINGI / "/etc/passwd"`, au ukitumia `os.path.join`, kipande cha pili kikianza na mkwaju kinakifuta cha kwanza chote. Matokeo ni `/etc/passwd` tupu. Hapo hakuna nukta hata moja, kwa hiyo anayewinda nukta haoni kitu. Ukiwa na Flask, `send_from_directory` inakufanyia ukaguzi huu, itumie.

Wa Node, jihadharini: `path.resolve` hupanga maandishi tu, haifuati viungo vya faili kwenye diski. Tumia `fs.realpath`, kisha linganisha ukiongeza `path.sep`. Wa Go mna bahati kuanzia toleo 1.24: `os.Root` inafungua folda moja na kukataa chochote kinachotoka nje yake. Kabla yake wengi waliamini `filepath.Clean`, lakini ikipewa njia isiyoanza na mkwaju, zile `..` za mwanzoni inaziacha kama zilivyo. Grafana, watengenezaji wa programu ya kuonyesha takwimu za mifumo, waliumia hapo hapo Desemba 2021: aliyeomba faili chini ya `/public/plugins/` aliweza kupanda mpaka nje, bila kuingia kwenye akaunti.

Hatua ya nne: fungua vifurushi kwa mashaka

Faili ya ZIP au TAR inabeba majina ya faili ndani yake, na aliyeitengeneza anaweza kuandika jina lolote, likiwemo `../../index.php`. Juni 2018 kampuni ya Snyk ilitangaza udhaifu huu kwa jina la Zip Slip, baada ya kuukuta kwenye maktaba na miradi mingi, hasa ya Java, ambako watu hujiandikia wenyewe mzunguko wa kufungua kifurushi. Kama una mzunguko wa namna hiyo, kila jina lipitie ukaguzi wa hatua ya tatu kabla ya kuandikwa.

Kwenye Python, tatizo hili la `tarfile` limejulikana tangu 2007. Siku hizi andika `tar.extractall(lengo, filter="data")`. Kuanzia 3.14 ndiyo tabia yake ya kawaida, ila iandike hata hivyo, maana hujui msimbo wako utaendeshwa kwenye toleo lipi.

Hatua ya tano: punguza kilichoko nyuma ya mlango

Programu ya wavuti isiendeshwe na mtumiaji mkuu wa seva. Mpe mtumiaji wake, na faili zote ambazo hazimhusu asiweze kuzisoma. Kama unatumia systemd, `ProtectHome=yes` na `ProtectSystem=strict` kwenye faili ya huduma zinasaidia sana; folda anazohitaji kuandika zitaje kwa `ReadWritePaths`.

Kwa wenye nginx, fungua mipangilio yako sasa hivi na utafute neno `alias`. Ukikuta hivi:

```
location /picha {
    alias /srv/shule/picha/;
}
```

una shimo. Ombi la `/picha../siri.txt` linaanza na `/picha`, nginx inalikubali, inabandika kilichobaki, na kupata `/srv/shule/picha/../siri.txt`. Dawa ni herufi moja: `location /picha/`.

Hatua ya sita: jaribu mwenyewe

Jaribu kwenye mfumo wako, au kwa ruhusa ya maandishi ya mwenye mfumo. Bila hiyo ni kosa la jinai, hata kama nia yako ni kusaidia.

```
curl -i "http://localhost/pakua.php?faili=../.env"
curl -i "http://localhost/pakua.php?faili=....//.env"
curl -i "http://localhost/pakua.php?faili=%2e%2e%2f.env"
curl -i "http://localhost/pakua.php?faili=/etc/passwd"
curl -i "http://localhost/pakua.php?faili=../ripoti-za-walimu/mishahara.pdf"
curl -i --path-as-is "http://localhost/picha/../../etc/passwd"
curl -i "http://localhost/picha../siri.txt"
```

Faili za `siri.txt` na `mishahara.pdf` zitengeneze kweli kwanza, ziwe na neno lolote ndani. Ukijaribu kusoma kisichokuwepo utapata 404 na kujidanganya kwamba uko salama. Na usisahau `--path-as-is`. Bila hiyo, curl inazipanga nukta kabla ya kutuma, kama kivinjari kinavyofanya, na seva haioni kabisa ulichotaka kuijaribu. Majibu yote yawe ya kukataa. Mimi hupenda 404, kwa sababu 403 inamwambia mtu kwamba alichotafuta kipo. Kisha jaribu ripoti halali, uhakikishe bado inapakuliwa.

Majaribio haya yaweke kwenye majaribio ya kudumu ya mradi. Mwenzako atakayeandika upya `pakua.php` mwakani hatakuwa amesoma mwongozo huu.

Hatua ya saba: angalia kama kuna aliyekutangulia

Shimo likiwa limekaa wazi kwa miezi, kuliziba hakutoshi. Pitia kumbukumbu za seva:

```
zgrep -iE "\.\.(/|\\\\|%)|%2e|%252e|etc/passwd|\.env" /var/log/nginx/access.log*
```

Utaona maombi mengi. Roboti zinagonga kila seva iliyo kwenye intaneti usiku na mchana, na mengi yatakuwa yamejibiwa 404. Tafuta yenye 200. Namba inayofuata baada ya 200 ni ukubwa wa jibu kwa baiti. Endesha `wc -c /var/www/shule/.env` na ulinganishe. Namba zikifanana, faili yako imeondoka. Zisipofanana usitulie bado, kwa kuwa jibu lililobanwa kwa gzip huwa na ukubwa tofauti, na maombi ya POST hayaonyeshi yaliyomo kwenye kumbukumbu hizi.

Ukithibitisha, nakili kumbukumbu hizo mahali salama kwanza. Kisha ziba shimo, halafu badilisha kila siri iliyokuwa kwenye faili ile: nenosiri la hifadhidata, funguo za SMS na malipo, nenosiri la barua pepe, na ufunguo unaotia saini kuki, ambao ukibadilishwa utawatoa watumiaji wote kwenye akaunti zao na ndivyo unavyotaka. Ukibadilisha siri kabla ya kuziba shimo, atakuja kuchukua mpya. Na kama taarifa za watu zimetoka na wanaweza kudhurika, mwambie mwenye mfumo siku hiyohiyo. Nchini Kenya, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inampa saa 72 tangu alipojua kumtaarifu Kamishna wa Data, na saa hizo zinahesabiwa hata wikendi ulipokuwa bado unasoma kumbukumbu.